Chombo Uhuru na Nyota Zisizoonekana kwa Macho

Wenyeji wa pwani yetu, tangu Moa hata Pangani, wamezijua nyota tangu zamani za kale. Mkulima aliangalia Kilimia apate kujua majira ya kulima, na nahodha wa jahazi alishika njia yake usiku kwa kuzitazama nyota. Wote wawili walitumia macho yao tu, na macho yaliwatosha kwa kazi ile. Lakini yako mambo mengi mbinguni ambayo jicho la mtu haliwezi kuyaona, hata likiwa zima namna gani, hata likisaidiwa na darubini iliyo kubwa kuliko zote. Katika somo hili tutasoma habari za mambo hayo, na jinsi yalivyogunduliwa kwa chombo kilichorushwa kutoka bahari yetu hii hii, nacho kikapewa jina la Kiswahili.

Kwanza tufikiri juu ya joto na nuru. Ukienda kwa mhunzi utaona kwamba kipande cha chuma kilichotiwa motoni hubadilika rangi kadiri kinavyopata moto. Mwanzoni ni cheusi kama kilivyokuwa, ila ukikisogezea mkono utasikia joto. Mvukuto ukizidi kuvuta, chuma huwa chekundu, kisha huwa cha manjano, na mwisho huwa cheupe hata macho huumia kukitazama. Mhunzi hodari hana haja ya kipimo cha joto, maana rangi yenyewe humwambia. Mtaalamu wa falaki, yaani elimu ya nyota, hufanya vivyo hivyo. Nyota nyekundu haina joto kama nyota ya manjano, na nyota yenye weupe wa kibuluu ina moto kuzipita zote mbili. Uso wa Jua letu una joto la digrii 5,500 hivi. Na maji yachemkayo, kama mjuavyo, yana digrii 100 tu.

Je, kitu kikizidi kupashwa moto kupita weupe ule, itakuwaje? Nuru yake itavuka mpaka wa macho yetu. Kitu kikifika joto la mamilioni ya digrii, sehemu kubwa ya nuru yake huwa ni mionzi iitwayo eksirei, nasi hatuioni kabisa. Mfano wake ni popo wa mapango ya Amboni. Popo hao hupiga kelele usiku kucha warukapo kutafuta wadudu, lakini sauti yao ni nyembamba mno kwa sikio la mtu, kwa hiyo twadhani wako kimya. Vivyo hivyo watu walidhani kwamba mbingu za usiku ziko shwari, kwa kuwa macho yao hayakuweza kuziona ghasia zilizoko huko.

Mionzi ya eksirei si kitu kigeni kwenu. Mtoto akianguka mwembeni akavunjika mkono, hupelekwa hospitali, kama ile ya Bombo mjini Tanga, na huko hupigwa picha inayoonyesha mfupa uliovunjika. Picha hiyo hupigwa kwa eksirei, ambayo hupenya nyama kwa wepesi lakini huzuiwa na mfupa. Aliyeigundua ni Mjerumani, Wilhelm Conrad Roentgen, katika mji wa Würzburg, tarehe 8 Novemba 1895. Mwezi uliofuata alipiga picha ya mkono wa mkewe, na watu wakastaajabu kuona mifupa ya vidole na pete iliyovaliwa, kana kwamba nyama haikuwako. Roentgen hakujua mionzi ile ni kitu gani, ndiyo sababu aliiita kwa herufi ambayo wenye hesabu huitumia kwa kitu kisichojulikana. Mwaka wa 1901 alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia, ya kwanza kabisa kutolewa.

Mtu aweza kuuliza: Ikiwa eksirei hupenya mwili wa mtu, mbona haitufikii kutoka kwenye nyota? Jibu lake ni hewa. Sisi huiona hewa kuwa kitu chepesi, karibu si kitu, lakini hewa yote iliyoko juu ya vichwa vyetu, kama ingekusanywa na kupimwa, uzito wake ungekuwa sawa na maji yenye kina cha mita 10, yaani pima tano na nusu. Mzamiaji aliyeko chini ya pima tano na nusu za maji hawezi kupigwa picha ya mifupa na mtu aliye juu katika ngalawa, kwa maana maji yangeimeza eksirei yote. Nasi tumo chini ya bahari ya hewa kama mzamiaji yule. Ni heri kwetu kuwa hivyo, kwa sababu eksirei nyingi hudhuru mwili. Lakini hewa ile ile inayotulinda ndiyo iliyotuficha mambo ya mbinguni. Mtu atakaye kuyaona hana budi kupanda juu ya hewa, mahali ambapo hata ndege za abiria hazifiki.

Basi wataalamu walingoja mpaka roketi zilipopatikana. Mwaka wa 1949 Herbert Friedman na wenzake huko Marekani walitumia roketi kupima eksirei itokayo kwenye Jua. Walikuta kwamba Jua hutoa eksirei kweli, lakini ni kidogo mno ukilinganisha na nuru yake ya kawaida. Habari hiyo iliwavunja wengi moyo. Walisema: Ikiwa Jua, lililo karibu, latoa kidogo hivi, nyota zilizo mbali mno zitatoa nini? Hesabu yao haikuwa na kosa. Lakini waliihesabu kana kwamba nyota zote ni kama Jua, na jambo hilo hakuna aliyekuwa amelichungua.

Mtu mmoja hakuridhika na hesabu ile. Jina lake Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genoa katika Italia, aliyehamia Marekani. Yeye na wenzake, Herbert Gursky, Frank Paolini na Bruno Rossi, walitengeneza vipimo vilivyo vyepesi kupata habari kuliko vyote vya kwanza, wakavitia katika roketi ndogo. Kusudi walilotaja lilikuwa kuangalia kama Mwezi hutoa eksirei unapopigwa na Jua. Roketi ilirushwa usiku mwezi wa Juni 1962 kutoka jangwa la New Mexico. Ilikaa juu ya hewa muda wa dakika sita hivi tu, kisha ikaanguka. Katika dakika zile sita vipimo havikuonyesha kitu juu ya Mwezi, lakini vilionyesha eksirei nyingi kutoka upande mwingine kabisa, katika kundi la nyota la Nge. Kitu kile kiliitwa Sco X-1. Mahali pale macho huona nyota za kawaida tu, na nyota yenyewe, ilipokuja kutambuliwa baadaye, ilikuwa hafifu hata haionekani pasipo darubini. Nayo hutoa eksirei mara elfu kuliko nuru yake ya kuonekana! Kwa Jua mambo ni kinyume chake kabisa. Hapo wataalamu wakafahamu kwamba wamekuta nyota ya namna nyingine, isiyokuwa katika hesabu zao.

Nge mnaweza kulitafuta wenyewe. Mwezi wa Julai, baada ya swala ya isha, likiwa hakuna mawingu, simameni pwani mtazame juu, karibu na utosi, upande wa kusini kidogo. Mtaona nyota nyekundu inayong'aa, na nyuma yake mkia uliopinda kama ndoana. Sco X-1 iko upande wa kichwa, wala hamtaiona. Lakini mtakuwa mmeielekea.

Roketi, hata hivyo, ni kama mtu aliyerushwa juu ya ukuta ili achungulie shamba la jirani. Huona kidogo, kisha huanguka. Kwa miaka minane wataalamu walirusha roketi nyingi, wakapata makumi machache ya vitu vitoavyo eksirei, lakini hawakuweza kukitazama kitu kimoja siku nzima, sembuse mwezi mzima. Walihitaji chombo cha kukaa huko juu. Walihitaji setilaiti, yaani chombo kinachoizunguka dunia kama Mwezi unavyoizunguka, ambacho kazi yake iwe moja tu, kuitafuta eksirei mbingu zote. Giacconi na wenzake waliandika shauri hilo mwaka wa 1963, nao wakakubaliwa. Ilibaki kujua mahali pa kukirushia.

Hapa ndipo habari inapofika pwani yetu. Toka Tanga ukifuata mwambao kwenda kaskazini utapita Moa na Vanga, kisha Mombasa, Kilifi na Malindi. Mbele kidogo ya Malindi iko ghuba ya Ungwana, na kijiji cha wavuvi kiitwacho Ngomeni. Baharini mbele ya kijiji hicho Waitalia wa Chuo Kikuu cha Roma, chini ya Profesa Luigi Broglio, walisimamisha majukwaa ya chuma yenye miguu iliyokanyaga mchanga wa bahari. Jukwaa la kurushia roketi waliliita San Marco. Jukwaa la pili, walipokaa watu wa kuongoza kazi, waliliita Santa Rita. Na kati ya majukwaa hayo zilipita nyaya chini ya maji. Setilaiti ya kwanza kutoka hapo ilirushwa mwezi wa Aprili 1967.

Kwa nini watu watoke mbali hivyo waje kujenga baharini, pwani ya Afrika? Sababu zilikuwa tatu. Dunia huzunguka yenyewe kwenda mashariki, na mwendo wake ni mkubwa zaidi kwenye mstari wa ikweta, kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa karibu na ikweta kuelekea mashariki hupata mwendo huo bure, kama mtu arushaye jiwe mbele akiwa ndani ya mashua inayokwenda mbio. Tena, mashariki ya Ngomeni hakuna ila bahari, kwa hiyo vipande vya roketi vinavyodondoka havimwangukii mtu.

Sababu ya tatu ndiyo iliyokuwa kubwa kwa chombo hiki. Dunia ni kama sumaku, na sumaku yake hushika angani vijipande vidogo sana vyenye umeme, navyo huzunguka kama kundi la siafu. Vikiingia katika kipimo cha eksirei hukivuruga, kikahesabu kisichokuwako. Upande wa Brazili na bahari iliyo mashariki yake, kundi hilo hushuka chini sana. Setilaiti iliyorushwa kutoka Marekani hupita mle mara kwa mara kila siku. Lakini setilaiti inayofuata mstari wa ikweta hugusa pembeni tu, nayo hufanya kazi yake kwa utulivu. Kwa hiyo, kati ya mahali pote palipokuwa tayari kwa kazi hiyo wakati ule, hapakuwa pazuri kama ghuba ya Ungwana.

Chombo chenyewe hakikuwa kikubwa. Uzito wake ulikuwa kilo 140 hivi, kama gunia moja na nusu la mahindi. Ndani yake vilikuwamo vipimo viwili, kimoja kikitazama upande huu na kingine upande wa pili. Kila kipimo kilikuwa sanduku lenye gesi na waya za umeme, na uso wake ulifunikwa kwa bamba jembamba la madini mepesi ambalo eksirei huweza kulipenya. Chembe moja ya eksirei ikiingia hugonga gesi, na umeme kidogo hushtuka katika waya, ukahesabiwa. Mbele ya bamba yalikuwapo matundu marefu membamba yaliyozuia eksirei ya pembeni. Kata bua la jani la mpapai, lililo wazi katikati, ulitie jichoni: utaona sehemu ndogo tu ya mbele yako, na ukigeuka polepole utaweza kusema kila kitu kiko upande gani. Ndivyo kilivyofanya chombo hiki. Kilijizungusha polepole, mara moja kwa dakika 12, kikapitisha macho yake membamba juu ya mbingu, siku kwa siku, mwezi kwa mwezi.

Kilirushwa mchana wa tarehe 12 Desemba 1970, juu ya roketi ya Kimarekani iitwayo Scout. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka saba tangu kupata uhuru wake. Msimamizi wa kazi kwa upande wa Marekani alikuwa Bibi Marjorie Townsend, mhandisi, mwanamke wa kwanza wa nchi yake kusimamia urushaji wa setilaiti. Yeye ndiye aliyechagua kukiita chombo kile Uhuru, kwa heshima ya siku ile na ya wenyeji waliowapokea. Sisi wa Tanga twalijua neno hilo vyema, kwa kuwa Tanganyika ilipata uhuru wake tarehe 9 Desemba 1961, na hatukuazima neno lingine la kuliita jambo hilo.

Na tuseme ukweli wote. Chombo kilitengenezwa Marekani, jukwaa lilikuwa la Waitalia, na habari zilizopatikana zilisomwa mbali na hapa. Sehemu ya Afrika ya Mashariki ilikuwa mahali, bahari, kazi ya mikono, na jina. Mahali si kitu cha kudharau, kama tulivyoona. Lakini kusoma habari za nyota ni kazi nyingine, nayo hutaka shule.

Uhuru kiliizunguka dunia mara moja kwa dakika 96, kwa urefu wa kilomita 500 na zaidi juu yetu. Na sasa tuone kilipata nini.

Katika mbingu za kusini, si mbali na Msalaba wa Kusini, kilikuwako kitu kiitwacho Cen X-3, ambacho roketi zilikuwa zimekwisha kukiona. Uhuru kilipokitazama kwa muda mrefu, mapema mwaka wa 1971, eksirei yake ilionekana ikija kwa mapigo, pigo moja kwa kila sekunde 4.8, bila kukosa, kama taa ya mnara wa pwani inayozunguka, ikimulika na kupita. Halafu, kila baada ya siku mbili na saa mbili, mapigo hukoma kabisa kwa muda wa karibu saa 12, kisha hurudi. Hata mtoto aweza kufumbua kitendawili hiki akikumbuka jinsi Jua linavyopatwa. Ziko nyota mbili zinazozungukana. Moja ni kubwa na ya kawaida, na nyingine ni ndogo nayo ndiyo itoayo eksirei. Ile ndogo ikipita nyuma ya kubwa hufichika, ikitokea tena twaiona.

Lakini ndogo kiasi gani? Nyota inayojizungusha mara moja kwa sekunde tano isingeweza kuwa kubwa kama Jua. Ingepasuka na kutawanyika. Ni nyota ya nyutroni, mabaki ya nyota kubwa iliyokwisha kuungua na kuporomoka ndani yake yenyewe. Ina uzito kuzidi Jua, lakini upana wake ni kilomita 20 hivi. Ingewekwa Tanga mjini, isingefika Muheza.

Na nguvu zake zatoka wapi, ikiwa imekwisha kuungua? Zatoka katika kuanguka. Dafu likianguka kutoka mnazi mfupi, pengine halipasuki. Likianguka kutoka mnazi mrefu hupasuka, na ole wake aliyekaa chini. Kadiri kitu kiangukavyo kwa mvuto mkubwa, ndivyo kinavyogonga kwa nguvu. Sasa, mvuto wa nyota ya nyutroni ni mkubwa kupita tunavyoweza kuwaza. Huvuta gesi kutoka kwa nyota mwenzake, na gesi hiyo huanguka kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 100,000 kwa sekunde. Igongapo, huwa na moto wa mamilioni mengi ya digrii, ikatoa eksirei. Hilo ndilo jambo ambalo hesabu za mwaka wa 1949 hazikuliwaza: ya kwamba kuanguka peke yake, pasipo kuungua, kwaweza kutoa nguvu kuliko Jua maelfu ya mara. Sco X-1 katika Nge nayo ni nyota ya namna hiyo.

Habari ya pili ni ya ajabu zaidi. Upande wa kaskazini, katika kundi ambalo watu wa Ulaya waliliita kwa jina la ndege bata maji, kiko kitu kiitwacho Cyg X-1. Uhuru kilikuta kwamba eksirei yake haiji kwa mapigo ya mpango, bali hutetemeka ovyo, ikizidi na kupungua ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Jambo hilo lilikuwa na maana kubwa. Hakuna kitu kinachokwenda mbio kuliko nuru, nayo huchukua zaidi ya sekunde nne kulivuka Jua toka upande mmoja hata wa pili. Kitu kinachobadilika chote ndani ya sehemu ya sekunde hakina budi kuwa kidogo sana kuliko Jua.

Ndipo wenye darubini za kawaida walipoingia kazini. Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton huko Kanada, waliitafuta nyota iliyoko mahali pale, wakaikuta nyota kubwa ya kibuluu inayoyumba mbele na nyuma kila baada ya siku 5.6, kama mtu anayezungushwa na mwenziwe katika mchezo huku wameshikana mikono. Lakini mwenziwe huyo hakuonekana. Walipopiga hesabu walikuta kwamba yule asiyeonekana ni mzito mno hata hawezi kuwa nyota ya nyutroni, maana nyota ya nyutroni ikizidi uzito wa kama Majua matatu huporomoka tena, wala hakuna kitu cha kuizuia. Kinachobaki ni shimo jeusi: mahali penye mvuto mkubwa hata nuru yenyewe haiwezi kutoka. Eksirei tunayoipata hutoka katika gesi inayozunguka ukingoni kabla ya kumezwa.

Wataalamu hawakukubali mara moja, nao walifanya vyema. Mwaka wa 1974 Stephen Hawking wa Uingereza aliwekeana dau na rafiki yake Kip Thorne wa Marekani, yeye akisema kwamba Cyg X-1 si shimo jeusi. Mwaka wa 1990 alikiri kwamba ameshindwa, akatia dole gumba katika hati ya mapatano. Kuwekeana dau si desturi ya kuifundisha shuleni; lakini kuungama mbele ya watu wote kwamba ushahidi umekushinda ni desturi nzuri. Vipimo vilivyotangazwa mwaka wa 2021 vilionyesha kwamba shimo hilo lina uzito wa Majua 21 hivi, nalo liko mbali nasi kiasi cha safari ya nuru ya miaka 7,200.

Jambo la tatu lilikuwa la ukubwa wa namna nyingine. Nyota zetu zote tuzionazo kwa macho ni za galaksi moja, ile ambayo usiku huonekana kama utepe mweupe. Galaksi nyingine ni nyingi mno, na baadhi yake hukaa kwa makundi, mamia kwa maelfu pamoja, kama visiwa. Kati ya visiwa hivyo watu walidhani hakuna kitu. Uhuru kilikuta kwamba eksirei hutoka katika kundi zima, si katika kisiwa hiki au kile tu. Na baadaye ikajulikana kwamba nafasi yote ya katikati imejaa gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii. Gesi hiyo ni nyepesi kuliko hewa yetu hata haifai kulinganishwa nayo, lakini kwa jinsi ilivyoenea, uzito wake wote wapita uzito wa nyota zote za kundi. Yaani tuliviona visiwa miaka mingi tusiione bahari.

Uhuru kilifanya kazi mpaka mwezi wa Machi 1973, kikanyamaza. Kiliendelea kuzunguka kikiwa kimekufa, kikishuka kidogo kidogo, hata mwezi wa Aprili 1979 kikaingia katika hewa na kuungua. Kutoka San Marco zilirushwa setilaiti tisa kwa jumla, na kadhaa kati yake zilikuwa za kutazama mbingu: moja ya Waingereza ya mwaka wa 1974, na nyingine ya Wamarekani ya mwaka wa 1975, zote mbili za eksirei. Ya mwisho iliondoka mwezi wa Machi 1988. Tangu hapo jukwaa halijarusha kitu. Lakini huko Ngomeni vimebaki vyungu vikubwa vya kupokea habari kutoka angani. Chombo NuSTAR, kilichorushwa mwaka wa 2012, na chombo IXPE, kilichorushwa mwaka wa 2021, vyote viwili vya kupima eksirei na vyote viwili vikifuata mstari wa ikweta, viliwekewa mpango wa kuteremsha habari zao hapo, kila vinapopita juu ya pwani. Riccardo Giacconi naye alipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 2002, miaka arobaini baada ya zile dakika sita za New Mexico.

Daftari ya vitu vyote vilivyoonekana na Uhuru ilitolewa mara nne. Ile ya nne, ya mwaka wa 1978, ilikuwa na vitu 339. Kila kimoja kilipewa namba, na mbele ya namba ziliwekwa alama mbili: tarakimu ya nne, kwa kuwa daftari ni ya nne, na herufi U. Wataalamu wa Japani, wa Uhindi, wa Ulaya na wa Marekani wangali wakiyatumia majina hayo mpaka leo. Kiko kwa mfano kitu kiitwacho 4U 1820-30, nyota mbili zilizokaribiana mno hata huzungukana kwa dakika 11 tu. Mtu wa Tokyo anayeandika juu yake pengine hajapata kuiona bahari ya Hindi, wala hajui Ngomeni iko wapi; lakini ile U anayoiandika ni herufi ya kwanza ya neno Uhuru.